Mama Mafuta Gani Avua Koti la Maabara

Leo, Ijumaa tarehe 30 Juni, saa kumi jioni, Mkuu wa Maabara yetu anastaafu baada ya kukitumikia kiwanda hiki cha kusafisha mafuta kwa miaka thelathini na minne, miezi miwili na siku tisa. Hizo siku tisa kazihesabu mwenyewe. Nilipompelekea rasimu ya ukurasa wa kwanza wa ratiba hii ikiwa imeandikwa "zaidi ya miaka thelathini", aliirudisha imejaa wino mwekundu, akasema maabara haina kipimo kinachoitwa "zaidi ya".

Kwenye faili la utumishi ana jina zuri alilopewa na bibi yake, lakini humu ndani halina kazi. Kuanzia mlinzi wa getini hadi mkurugenzi, wote tunamwita Mama Mafuta Gani, na jina hilo alijitafutia. Neno mafuta limebebeshwa mzigo mkubwa mno katika lugha yetu. Mafuta ni ya kupikia, ni ya kujipaka, ni yale yaliyoganda juu ya mchuzi wa jana, ni petroli, ni dizeli, ni ya taa, ni ule uji mweusi unaotoka ardhini. Mtu akiingia maabara na kusema ameleta mafuta, Mama hainui hata kichwa. Anauliza, "Mafuta gani?" Mkurugenzi aliwahi kuulizwa hivyo mbele ya wageni, akajikuta anajibu huku amesimama wima kama mwanafunzi aliyechelewa. Mumewe, fundi cherehani, anatuapia kwamba hata yeye akisema mafuta yameisha nyumbani huulizwa vilevile, na siku hizi hujibu kabla hajavua viatu.

Hakuja hapa na shahada. Alikuja kuosha vyombo. Alikuwa na miaka ishirini na mmoja, na kazi yake ilikuwa kusimama kwenye sinki la maabara kuanzia saa moja na nusu asubuhi, akisafisha chupa zilizotoka kwenye vipimo. Wiki ya kwanza haijaisha, akagundua jambo lililomkosesha raha. Chupa ya petroli ilikauka yenyewe kabla hajaigusa. Ya mafuta ya taa ilichelewa kidogo. Ya dizeli ilitaka sabuni na maji ya moto. Ya lami ilimla asubuhi nzima, na kucha zake pia. Akamwendea mkemia mzee aliyekuwepo enzi hizo, akamuuliza kwa nini uchafu wa sinki moja una tabia nne. Mkemia akamjibu kwamba vyote vinne ni kitu kilekile, kaboni na hidrojeni tu, na tofauti ni urefu. Mama alidhani mzee anamtania. Alipoonyeshwa kwenye karatasi kwamba hatanii, alikaa chini kwenye ndoo iliyogeuzwa na kusahau bomba la maji likiwa wazi. Mafuriko ya siku hiyo yalifika mpaka ofisi ya uhasibu.

Aliosha chupa kwa miaka minne huku akisoma jioni. Akapata cheti, kisha stashahada, akawa fundi sanifu, akawa msimamizi wa vipimo, na kwa miaka kumi na tano iliyopita amekuwa Mkuu wa Maabara. Yote hayo yamo kwenye faili. Ambayo hayamo kwenye faili ndiyo nataka kuyaandika.

Kila mfanyakazi mpya, awe mhasibu au dereva, hupitia somo la uani. Mama huwapanga watu kwenye sakafu ya saruji nyuma ya maabara. Watu warefu ni kaboni, na kwa kuwa kaboni ina mikono minne, huwafunga vipande viwili vya kamba kiunoni, kimoja kila upande, wawe na mikono ya kutosha. Wengine ni hidrojeni, mkono mmoja tu wa kushika, mwingine mfukoni. Kaboni mmoja akishikwa na hidrojeni wanne, hiyo ni methani, nyepesi kuliko wote wa ukoo huo. Mama huwaamuru wakimbie, nao hukimbia bila shida. Kaboni watatu wakishikana mstari mmoja, na hidrojeni wanane pembeni, ni gesi ya mtungi wa jikoni. Wakifika kaboni wanane wako kwenye petroli. Wakifika kumi na wawili ni mafuta ya taa, na hapo mbio zinaanza kuwa vurugu. Siku moja ya mafunzo ya usalama alipanga kaboni kumi na sita na hidrojeni thelathini na nne, watu hamsini kamili, mnyororo wa dizeli. Wapishi wa kantini walitolewa jikoni ili hesabu itimie. Walipoambiwa waende mbio, kichwa kilifika getini na mkia ukalala kwenye maua ya meneja. Mama akasema, bila kucheka, kwamba sasa tumeelewa kwa nini dizeli haina haraka ya kuruka hewani.

Kicheko chake ni adimu, lakini mshangao wake haujawahi kupungua, na hilo ndilo lililonifunga mimi kwake. Dirishani kwake kuna chupa ya mafuta ghafi. Ukiiona mezani ni nyeusi tii, huwezi kuipa thamani yoyote. Mama huiinua kwenye mwanga, anaiinamisha, na pembezoni kabisa, pale mafuta yanapokuwa membamba kwenye kioo, unaona kijani kibichi kikiteleza. Humo ndani, anasema, mna maelfu ya aina za minyororo, mingine imenyooka, mingine ina matawi, mingine imejikunja ikawa pete, yote kutoka kwa kaboni na hidrojeni, na salfa kidogo ya kutuharibia harufu. Kisha anashusha sauti. Anatueleza kwamba hii ni mizoga ya viumbe vya baharini visivyoonekana kwa macho, vilivyoishi kwa mwanga wa jua, vikafa, vikazama kwenye tope. Tope likafunikwa na tope jingine, likalemewa, likapikwa na joto la ardhi mahali pasipo hewa, kwa mamilioni ya miaka, na hakuna aliyekuwa anasubiri. Mimi nilitoka upande wa kupakia malori na si mtu wa kushangazwa ovyo. Mara ya kwanza kusikia hayo niliiangalia ile chupa nikaogopa kuishika.

Kila asubuhi, kabla ya kufungua maabara, husimama dakika nzima chini ya mnara mkubwa, mkoba kwapani. Ndani ya mnara ule mafuta ghafi yaliyopashwa hadi karibu nyuzi mia tatu na hamsini yanaingia chini, mvuke unapanda, na kila mnyororo unashuka kwenye ghorofa yake: wazito chini kwenye joto, wepesi juu kwenye ubaridi. Nilimuuliza anatazama nini, maana kwa nje ni chuma na ngazi tu. "Wanajipanga wenyewe," alisema. "Miaka yote hii, bado sijazoea."

Sasa naomba niandike kuhusu siku ambayo wengi wenu mmeisikia nusunusu. Nimemwomba ruhusa Mama. Alisema niandike, ila nisitie chumvi.

Miaka kumi na tisa iliyopita nilikuwa na wiki mbili tu upande wa matangi. Kabla ya hapo nilikaa miaka sita kwenye kupakia petroli, na huko mtu akisema mafuta ni petroli, basi, hakuna anayeuliza. Upande wa matangi, kumbe, wazee wa zamu wakisema mafuta walimaanisha mafuta ya taa, kwa sababu ndiyo waliyoyalea. Asubuhi moja, kabla ya saa moja, simu ikalia. Msimamizi wa zamu akasema, "Sukuma mafuta tangi la saba, robo saa tu, lijazie." Nikasema sawa, mzee. Nikafungua koki ya petroli.

Tangi la saba lilikuwa la mafuta ya taa. Lilipimwa siku moja kabla na kupewa cheti, kwa hiyo lori la kwanza lilipakia saa mbili na kutoka getini likiwa na karatasi zote halali. Utaratibu wa siku zile ulidai kupima tangi, haukudai kupima lori. Lakini Mama alikuwa na tabia ya kuchota chupa moja kutoka kila lori kabla halijaondoka. Meneja wa wakati huo aliiita tabia hiyo kupoteza chupa.

Kipimo chenyewe ni chepesi kuelezea. Unamimina mafuta ya taa kwenye kikombe cha shaba chenye kifuniko, unayapasha polepole, na kila joto linapopanda nyuzi moja unafungua kidirisha na kuinamisha kimuali kidogo. Kinachowaka ni mvuke, si mafuta yenyewe. Mafuta ya taa mazuri hayatoi mvuke wa kutosha kushika moto mpaka yapite nyuzi thelathini na nane, na ndiyo maana mtu anaweza kuyamimina kwenye jiko lake jikoni kwake bila kufa. Petroli ni ya minyororo mifupi. Inaruka kutoka kwenye chombo hata chumba kikiwa cha baridi. Ukichanganya kidogo tu, jiko linageuka bomu. Siku ile Mama hakuwa hata amewasha joto. Kipimajoto kilisoma nyuzi ishirini na sita, joto la chumba. Aliinamisha kimuali kuhakikisha kwamba kinafanya kazi, na kikombe kikajibu kwa mwale wa bluu uliomchukua nyusi ya kushoto.

Akapima mara ya pili, na ya tatu. Kisha akatoka mbio na koti lake, akasimama mbele ya malori mawili yaliyokuwa yanasubiri kutoka, na kumwambia mlinzi afunge geti. Meneja alishuka akiwa mkali. Tangi lina cheti, alisema. Kikombe ndicho kitakuwa kilioshwa vibaya. Mama akamjibu, "Vikombe hivyo nimeviosha mimi kwa miaka minne, bosi. Hilo niachie mimi." Meneja akamtazama ile nyusi iliyobaki, akageuka kurudi ofisini.

Alinifuata kule kwenye matangi. Hakuuliza nani kakosea. Aliuliza, "Mwanangu, asubuhi ulisukuma mafuta gani?" Nikamjibu, "Mafuta, mama. Petroli." Nilipolisema ndipo nilipolisikia. Nikashika bomba lililokuwa karibu.

Lori la kwanza lilikuwa na saa moja na nusu barabarani, na simu ya dereva ilikuwa inaita bila kupokelewa. Mama aliingia kwenye gari dogo la kiwanda, akaniambia niingie. Tulilikuta lori limeegeshwa mbele ya duka lake la kwanza, dereva anakunywa chai, pipa la duka limeshajazwa. Mwenye duka alikuwa mwanamke mwenye kumbukumbu ya kutisha. Tangu pipa lijazwe alikuwa ameuza kwa watu kumi na mmoja, na kumi kati yao aliwataja kwa nyumba zao, rangi za milango yao na ukubwa wa madumu yao.

Tuliwafuata mmoja mmoja. Mama alikuwa anabisha hodi, anaomba chombo, anakinusa, anakiweka nyuma ya gari, na kuomba radhi kwa niaba ya kiwanda. Nyumba ya sita mama mmoja alikuwa ameshamimina kwenye jiko na ameshika njiti mkononi, ila alikuwa anagombana na jirani dirishani. Nawashukuru majirani wagomvi wote duniani. Kufikia saa tisa alasiri tulikuwa na vyombo kumi.

Wa kumi na moja, mwenye duka hakumjua. Mwanamume, mgeni mtaani, kofia ya bluu, chupa ya lita moja. Tuliazima kipaza sauti cha shule, Mama akapita mtaa mzima akitangaza: aliyenunua mafuta ya taa leo asubuhi asiyawashe, narudia, asiyawashe. Sauti ilimkauka. Jua lilipozama bado hatujampata, tukarudi na vyombo kumi.

Ripoti aliiandika mwenyewe. Mahali pa chanzo cha ajali aliandika kwamba neno moja lilitumika kwa vitu viwili. Meneja alitaka jina la mtu. Mama akasema jina liandikwe, ila yafuatie majina ya wote waliowahi kusema mafuta humu ndani bila kumalizia, kuanzia na la meneja. Ndiyo maana hadi leo, kwenye simu zetu, kila bidhaa inatajwa kwa jina lake lote na anayepokea analirudia. Mkiona utaratibu huo unawachosha, mlaumuni huyu anayeandika. Wiki iliyofuata Mama aliniomba kutoka idara ya matangi anipeleke maabara. Nikadhani nimepanda cheo. Aliniweka kwenye sinki, nikaosha chupa mwaka mzima, na leo mimi ni msaidizi wake.

Kwa hiyo nilikuwa karibu naye vya kutosha kujua jambo ambalo wengine hawakulijua. Kwa mwezi mzima baada ya siku ile, akitoka kazini alipitia hospitali na kumuuliza muuguzi wa wodi ya walioungua kama kuna aliyeletwa. "Hakuna wa jiko leo, mama," muuguzi alikuwa anamwambia, mpaka akawa anamwambia kabla hajauliza. Hakuna aliyeletwa. Lakini watu huungua wakapelekwa kwingine, au wasipelekwe kokote, na Mama ni mtu wa vipimo. Kutosikia jambo hakukumtosha. Gazeti likiandika nyumba imeungua, alilisoma akiwa amesimama. Aliniambia mara moja tu, tukiwa tunapima mafuta ya taa, kwamba yule wa kumi na moja hamtoki kichwani. Ilikuwa koki yangu.

Mwezi uliopita alisafisha droo zake. Nilimsaidia kubeba, na daftari moja dogo likafunguka mikononi mwangu. Ulikuwa ukurasa wa siku ile. Mistari kumi na mmoja kwa mwandiko wake ulionyooka: mlango wa kijani, dumu la lita tano, limerudishwa; mlango wa kahawia, lita mbili, limerudishwa. Mstari wa kumi na moja una namba tu. Nililifunga nikalirudisha kwenye boksi, na Jumamosi hiyo nikaenda kule mtaani.

Nilienda Jumamosi tatu; mbili za kwanza sikumkuta mwenye duka. Duka sasa linauza chaja za simu, na mwenye duka amezeeka, lakini kichwa chake hakijazeeka. Nikamweleza habari ya kofia ya bluu. Akacheka mpaka akakohoa. "Yule?" alisema. "Yule si fundi rangi! Siku ile nilikuwa simjui, alikuwa ndiyo kwanza ameletwa kupaka shule. Akaoa hapahapa. Nyumba ya tatu kutoka kwenye kona." Nikamuuliza kwa nini hakutuambia baada ya kumjua. Akasema hakuna aliyerudi kumuuliza, na hilo nalo ni kweli.

Nilimkuta fundi rangi barazani kwake, mzima, akimlaumu mwanawe wa mwisho kwa kukanyaga ubao ambao haujakauka. Siku ile anaikumbuka vizuri sana. Kipaza sauti alikisikia akiwa juu ya ngazi. Waliambiwa wasiwashe, naye hakuwa na haja ya kuwasha. Alinunua mafuta ya taa ili kuoshea brashi, kwa hiyo akaona tangazo halimhusu. Aliosha brashi zake zote na chupa ikaisha. Ila ana malalamiko, na alinituma niyafikishe kiwandani. Mafuta ya taa ya siku ile, anasema, yalikata rangi kwa namna ambayo hajawahi kuiona. Brashi ngumu ya wiki nzima ililainika papo hapo. Kesho yake alirudi dukani na chupa mbili, akapewa mafuta ya kawaida. Kwa miaka kumi na tisa amekuwa akiwaambia mafundi wenzake kwamba kiwanda kile kilikuwa kinajua kazi zamani, siku hizi kimeharibika. Mimi nilikaa pale kwenye ngazi ya baraza lake nikalia, na yule mtoto akaniletea maji.

Mama, kwa niaba ya wenzako wote: tunakushukuru kwa chupa moja kutoka kila lori, kwa somo la uani, kwa kutufanya tuyashangae mambo ambayo tungeyaita uchafu wa mikononi. Maabara utaikuta safi siku yoyote utakayopita kutukagua, nasi tunajua utapita. Mzee wa cherehani, tunakurudishia mkeo akiwa na nyusi mbili.

Na sasa, Mama, ukiinua macho kutoka kwenye karatasi hii, tazama safu ya tatu, kiti cha pembeni kilicho karibu na dirisha. Huyo bwana mwenye rangi nyeupe kwenye kucha amekuja na malalamiko yake, naye atataka kukueleza mwenyewe. Msikilize mpaka amalize. Kati ya watu kumi na mmoja hakuna aliyeungua. Nenda nyumbani ukapumzike, na siku zako zijae raha.